Kinanda cha watu

BARUA

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, mwalimu wa skuli ya msingi. Ninakaa Mkunazini, Mji Mkongwe, pamoja na mama yangu na binti yangu aliye Kidato cha Tatu. Nilirudi kwa wazee miaka tisa iliyopita baada ya kuachika. Baba alifariki miaka sita iliyopita. Kaka yangu mkubwa yuko Uingereza tangu mimi nikiwa msichana. Kwa mama tuko wawili tu.

Nyumba yetu iko ghorofa ya pili. Ukumbi ni mrefu lakini mwembamba, kama kumbi zote za nyumba hizi, na ukutani mkabala na dirisha kimesimama kinanda. Ndivyo tunavyokiita nyumbani, ingawa kaka siku hizi anasema piano. Ni cha kusimama, cha mbao nyeusi, chenye vinara viwili vya shaba vya kutilia mishumaa, na ndani yake kuna chuma kikubwa na nyuzi tele. Binti yangu amevihesabu vibonyezo vyake: viko 85. Vinavyolia havifiki 30, na hivyo navyo vinalia kama kikombe chenye ufa.

Baba alikuwa seremala. Ujanani alikuwa akirekebisha samani kwa familia moja ya Kigoa iliyokaa Vuga. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ile ilihama, wakaenda Mombasa kwanza, na kutoka hapo hatukujua walielekea wapi. Kinanda hakikuweza kwenda nao. Kikabaki kwa baba. Alitafuta gari la hamali na vijana sita, wakakileta mpaka mlangoni petu na kukipandisha ngazi kwa kamba. Mama anasema kazi ilianza asubuhi ikaisha baada ya sala ya Alasiri.

Baba hakujua kupiga hata wimbo mmoja. Lakini alikitunza mno. Chini ya kila mguu aliweka kifuniko cha kopo chenye mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Ndani alitia karafumaiti. Alikifunga kwa ufunguo, na ufunguo ulikaa ndani ya kiberiti kitupu kwenye mfuko wa koti lake. Siku ya Idd alikifungua, na kila mtoto akaruhusiwa kubonyeza mara tatu. Tukizidisha, anasema, “Basi, basi, kinanda cha watu hicho,” kisha anafunga.

Siku hizi juu yake mama anaweka chetezo, msahafu wake na picha ya baba. Kila Ijumaa anakipangusa.

Sasa shida yangu. Binti yangu mwakani ana mtihani wa Kidato cha Nne na hana pa kusomea. Anasoma mkekani, amelala kifudifudi, mpaka anaumwa shingo. Meza ya kusomea haina pa kukaa, kwa sababu mahali pekee pa meza pana kinanda. Fundi mmoja kijana alikuja kurekebisha mlango, akakiona, akaniambia kinaweza kugeuzwa. Atatoa chuma na nyuzi zote, ataacha gamba. Palipo na vibonyezo atatia ubao wa kusomea, na juu atafanya rafu za vitabu. Alinionesha kwenye simu picha za piano za nchi nyengine zilizogeuzwa meza na makabati. Bi Mshauri, nilizipenda. Nikampa arbuni shilingi 150,000 na amesema chuma atakiuza chakavu anipunguzie bei. Anakuja baada ya Sikukuu.

Nilipompigia simu kaka kumwambia, alipaza sauti. “Usikiguse!” Anasema ni kitu cha kale chenye thamani na atakuja kukichukua. Au, kama haiwezekani, nimng’olee zile nyeupe za juu ya vibonyezo nimpe mtu anayesafiri ampelekee, kwa sababu ni pembe za ndovu. Amekuwa akisema atakuja tangu baba afariki. Hajaja. Anayekipangusa ni mama. Anayebadilisha mafuta ya taa chini ya miguu ni mimi. Anayeumwa shingo ni mwanangu.

Mama nilipomuuliza alinijibu, “Fanyeni mnavyoona.” Hakuongeza neno.

Mimi naamini baba angefurahi. Hakuwahi kuacha kipande cha mbao kipotee. Miaka ile mbao zilipokuwa za shida, kabati letu la vyombo alilitengeneza kwa mbao za masanduku ya bandarini. Kwa nini basi kinanda kibovu kikae bure, na mjukuu wake akose meza? Je, niendelee na fundi wangu, kaka akasirike atakavyo? Au nimwachie yeye aamue mambo ya nyumba asiyoishi? Naogopa kuvunja undugu kwa ajili ya meza, na naogopa pia kunyamaza kila mara.

Mwana wa Seremala, Mkunazini

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi, nikipigia mstari maneno yako. Pole kwa baba. Miaka sita si mingi kwa msiba wa mzazi mliyekaa naye nyumba moja mpaka mwisho wake.

Nikuelewe hivi: una mtoto anayehitaji meza, ukumbi usio na nafasi, fundi aliyeshika arbuni yako, kaka anayekataza kutoka mbali, na mama aliyekupa jibu la maneno mawili. Unaniuliza umsikilize nani kati ya fundi na kaka. Lakini katika barua yako nimeona watu wengine ambao hawajasikilizwa. Mmoja ni mama yako, nitamrudia. Wengine ni wale aliowataja baba kila siku ya Idd: watu.

Umeandika, “Kikabaki kwa baba.” Hukuandika kwamba walimpa. Hukuandika kwamba alikinunua, wala kwamba walimwambia awatunzie. Umepita hapo haraka, nadhani kwa sababu hata wewe hukuwahi kuelezwa. Kisha mistari michache mbele unamnukuu: kinanda cha watu hicho. Inawezekana yalikuwa maneno ya kuwatisha watoto tu. Sisi tuliolelewa visiwani tumeambiwa kila kitu ni cha watu, kikombe cha watu, kiti cha watu, ilimradi tusiguse. Sitaki kuyapa uzito kuliko alioyapa yeye.

Ila tazama alivyoishi nacho. Unauliza kwa nini seremala asiyetupa kibanzi, aliyevunja masanduku ya bandarini ili apate kabati, hakukitumia kinanda kile. Wewe unauliza ili kunionesha kwamba angekubali kivunjwe leo. Mimi swali lako linanipeleka kwengine. Mtu yule alilala na kuamka kwa miaka zaidi ya 50 pembeni ya mbao pengine nzuri kuliko zote zilizokuwa nyumbani mwake, katika miaka ambayo mbao ilikuwa ya kutafutwa, na msumeno wake haukukigusa. Mafuta ya taa chini ya miguu. Karafumaiti ndani. Ufunguo kwenye kiberiti. Huo unaweza kuwa mwenendo wa mtu anayependa chake. Unaweza pia kuwa mwenendo wa mtu aliyeshika amana.

Sijui ni upi kati ya hiyo miwili. Lakini naona ni vizuri ujue kabla fundi hajapandisha ngazi zako, kwa sababu njia zinaachana hapo hapo.

Kama walimpa, basi kilikuwa chake, na alipofariki kiliingia katika mirathi pamoja na vyengine vyote alivyoviacha. Mama ana thumni, na nyinyi wawili mnagawana kilichobaki, kaka mafungu mawili na wewe moja. Ukikigawa kinanda chote mafungu 24, mama ana 3, kaka ana 14, wewe una 7. Nimekuandikia hesabu hii makusudi, si kwa kukuonesha kwamba kaka ana nguvu kuliko wewe. Ni kwa kukuonesha kwamba hakuna hata mmoja wenu anayeweza kukivunja peke yake, na hakuna anayeweza kukichukua peke yake. Kaka naye hawezi kusema “changu”. Na kama mirathi ya baba haijawahi kukaliwa rasmi, jambo ambalo katika nyumba nyingi hupita kwa kuoneana haya, basi kinanda kimekuja kukukumbusheni.

Kama ni amana, hakikuingia katika mirathi kabisa. Kina wenyewe, na baba alikuwa mlinzi wao. Unajua Mwenyezi Mungu alivyotuamrisha katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 58, tuzirudishe amana kwa wenyewe. Utaniambia miaka imepita zaidi ya 60, wazee wale pengine wamefariki wote, tutamrudishia nani? Swali hilo ni la haki na lina majibu kwa wajuao, lakini si mimi wa kukujibu. Mpelekee sheikh mnayemwamini nyumbani kwenu, au Mahakama ya Kadhi. Nakuomba tu uende na habari kamili, maana ukiwaambia “kilibaki kwa baba” watakuuliza nilichokuuliza mimi.

Habari hizo zipo wapi? Za kwanza ziko kwa mama. Nyengine zinaweza kuwa ndani ya kinanda chenyewe. Kabla ya kukuandikia nilizungumza na mtu aliyewahi kuzitengeneza piano. Ameniambia ubao mkubwa wa chini, ule wa mbele ya magoti, kwa kawaida haukupigiwa misumari. Unashikwa na kibanzi cha springi kwa juu, ukikisukuma unatoka wote. Ndani, juu ya chuma, mara nyingi hukutwa jina la mtengenezaji na nambari. Mafundi wa kutia sauti walikuwa na mtindo wa kuandika tarehe na jina kwa penseli ubavuni mwa kibonyezo cha mwanzo. Na watu huficha vitu humo, au huviangusha: risiti, barua, picha. Nawaza baba yako, aliyekuwa na mahali penye kufuli na ufunguo wake mfukoni. Karatasi yoyote ya familia ile angeiweka wapi?

Wagoa wengi wa hapa walikuwa waumini wa Minara Miwili, kanisa lile pale Baghani, na kanisa huandika ubatizo na ndoa za watu wake. Ukienda kwa heshima na jina ulilolitaja katika barua (nimelitoa lisichapishwe), sidhani watakufukuza. Na hapa ndipo ninapomwona kaka yako kwa jicho jengine. Wagoa wengi wa Afrika Mashariki walimalizikia Uingereza. Yeye yuko huko. Badala ya kumpigia simu ya kumwambia unachokusudia kufanya, mpigie ya kumwomba akutafutie familia ile. Anaweza kukataa. Lakini utakuwa umempa kazi ya kufanya, na mtu aliye mbali na nyumba yake, mwanangu, wakati mwengine hupiga kelele kwa sababu hana kazi nyengine ya kumfanyia mama yake.

Kuhusu pembe za ndovu, huenda kaka anasema kweli. Vibonyezo 85 ni dalili ya umri. Piano za siku hizi zina 88, na 85 ilikuwa hesabu ya kawaida zaidi karne ya 19 mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Mwambie binti yako atazame kila kibonyezo cheupe kwa karibu. Akiona mstari mwembamba unaokikata, mahali kipande kipana cha mbele kinapokutana na kile chembamba cha nyuma, na akiona mishipa ya mawimbi hafifu kama ya kucha, basi hapo pana pembe. Mwambie na hili, atalipenda kuliko hesabu zake: katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu, na pembe nyingi zilizopakiwa hapa zilivuka bahari mpaka miji midogo ya Deep River na Ivoryton, Connecticut, Marekani, ambako viwanda vilizikata vipande vya kubandikwa juu ya vibonyezo vya piano. Njiani kutoka bara zilibebwa mabegani mwa watu, baadhi yao watumwa. Siwezi kukwambia vipande vya kinanda chenu vilitoka wapi. Lakini kama ni pembe, si kitu cha kung’oa kwa bisibisi na kutia katika bahasha. Biashara ya pembe za ndovu baina ya nchi ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na mpaka leo pembe, hata ya zamani, haivuki mpaka bila ya kibali. Kumpa msafiri akupelekee ni kumtia mtu wa watu matatani uwanja wa ndege. Hapo nakusihi usimtii kaka, na umweleze kwa nini.

Sasa fundi wako. Wazo lake si la kipuuzi. Piano za kusimama zilizochoka ziko nyingi duniani na wanunuzi ni wachache, na watu wengi wamezigeuza meza na makabati kwa mapenzi kabisa. Urefu wake pia unafaa: mahali pa vibonyezo ni karibu sawa na kimo cha meza ya kusomea. Lakini picha za kwenye simu hazioneshi kazi ya katikati. Muulize kama amewahi kuifungua piano hata moja. Nyuzi za ndani ni kama 230, na piano iliyofungwa sawasawa nyuzi zake kwa pamoja huvuta kwa nguvu inayozidi tani 15. Za kwenu zimelegea kwa miaka, lakini bado zimekaza vya kutosha kumtoa mtu jicho. Hazikatwi kwa koleo. Hulegezwa kwa ufunguo wake maalumu, kidogo kidogo, uzi hadi uzi, kuzunguka chote, kisha kurudia tena na tena mpaka mvutano uishe, kwa sababu ukilegeza upande mmoja tu chuma kinaweza kupasuka.

Hicho chuma ndicho kizito kuliko vyote. Piano ya kusimama ina kilo 200 mpaka 300, na uzito umeelemea nyuma, kwa hiyo ikivutwa kutoka ukutani na watu wasioijua inaweza kuanguka chali. Nyumba yenu, kama ni ya asili, sakafu yake imelala juu ya boriti za mikoko. Ndiyo sababu ya kumbi kuwa nyembamba, boriti haziendi mbali zaidi ya hapo. Baba aliyajua hayo, ndiyo maana kinanda kiko ukutani, ambako boriti zimeingia kwenye jiwe, na hakikuwekwa katikati. Anayetaka kukisukuma mpaka katikati ya ukumbi ili apate nafasi ya kufanyia kazi, mzuie mpaka mtu anayejua nyumba hizi atazame boriti kwa chini. Na chuma na zile nguzo za nyuma ndizo zinazokishika kinanda kisiyumbe. Zikitoka, gamba linahitaji kuungwa upya, la sivyo rafu za vitabu zitalala upande. Jambo la mwisho la hatari: ndani ya vibonyezo mara nyingi mna vidonge vya risasi vya kusawazisha uzito. Visichomwe, na watoto wa jirani wasipewe kuchezea.

Umeandika “kibovu”, na sitabishana nawe. Hewa ya chumvi hula nyuzi, na unyevu wa masika hulegeza gundi. Waingereza walikuwa wakitengeneza piano maalumu za nchi za joto, zilizotiwa skrubu za shaba pale ambapo nyengine zimebandikwa kwa gundi tu; tazama kama hicho chenu kina skrubu hizo. Pengine vigingi vinavyoshika nyuzi bado vinakaza, pengine havikazi tena. Muulize mtu wa chuo cha muziki hapo mjini akakibonyeze na kukufungulia, kabla hujakata neno kuwa hakitengenezeki. Hilo pia lina gharama, na kinanda kilichotiwa sauti kinataka mtu wa kukipiga. Sijaona katika barua yako kama binti yako anapenda muziki. Nimeona tu kwamba alivihesabu vibonyezo vyote, na mtoto asiyejali havihesabu.

Kuna jambo jengine nililolipigia mstari. Unaandika kana kwamba kinanda kinakaa bure, kinasubiri kugeuzwa samani. Lakini juu yake pana chetezo, msahafu na picha ya baba. Mwanangu, hicho kimeshakuwa samani zamani. Ni ya mama. Fundi akiacha gamba tu na kuweka rafu, vitu vitatu hivyo vitahamia wapi? Ukilijua jibu la hilo, mwambie mama kabla hujamwambia fundi.

Na kwa kuwa ni samani tayari, kuna njia ambayo haikati kitu. Anayepiga piano hukaa magoti yakiwa chini ya ubao wa vibonyezo. Anayesoma naye anaweza kukaa hivyo hivyo. Fundi wako anaweza kukuchongea ubao mwepesi wa kulaza juu ya kifuniko kikiwa kimefungwa, wenye vijiti vya kuusawazisha chini na kitambaa kizito cha pamba usikwaruze, na wenye ukingo wa kuushika usiteleze. Jioni binti yako anaulaza, anasoma. Akimaliza anauegemeza ukutani. Arbuni yako inaweza kutumika hapo, kama fundi ni muungwana. Hautakuwa mzuri kama wa kwenye picha. Utakuwa mwembamba kwa kina, madaftari yatambana, na kikombe cha maji kisiletwe karibu kabisa. Pia unaweza kukufanya ulisahau swali lenyewe, kinanda kikabaki kilivyo miaka mengine 20, na wewe ukabaki na kinyongo chako kwa kaka. Kwa hiyo usiuchukue kama suluhisho. Uchukue kama njia ya kumwinua mtoto kutoka mkekani wiki hii, wakati wakubwa wanazungumza.

Au huenda mtazungumza, mkagundua kwamba familia ile ilimwambia baba, “Chukua, ni chako, fanya utakavyo.” Kaka akaridhia, mama akaridhia, na mkakubaliana kikatwe. Basi pigeni picha kila upande kwanza, wekeni vibonyezo vyote katika sanduku na nambari zake (vina nambari, vimepangwa), na mtafute mtu aliyewahi kulegeza nyuzi hizo. Meza itakayotoka hapo haitakuwa ya aibu hata kidogo. Baba alikuwa seremala.

Unasema unaogopa kunyamaza kila mara. Hilo nimelisoma polepole. Mwanamke aliyerudi kwa wazazi baada ya kuachika anaweza kujiona mgeni katika nyumba anayoifagia mwenyewe, na neno la kaka likaonekana ndilo neno la nyumba. Sikwambii unyamaze. Nakuomba tu uangalie usije ukatumia kinanda kumwonesha kaka kwamba na wewe una sauti, kwa sababu kikishakatwa hakirudi, na sauti yako itataka kutumika tena kesho kwa jambo jengine. Mwambie waziwazi, bila ya kinanda: mimi ndiye ninayekaa na mama, nataka rai yangu ihesabiwe. Anaweza asilipende. Lisemwe hata hivyo.

Mpigie fundi leo, mwambie baada ya Sikukuu asije mpaka umwite. Kama atadai sehemu ya arbuni kwa kupotezewa siku, nadhani ni hasara unayoweza kuibeba.

Kisha mama. “Fanyeni mnavyoona” ni jibu la mtu aliyeulizwa swali ambalo limeshajibiwa. Ulimuuliza juu ya meza, nadhani. Mwache mpaka Ijumaa, akiwa na kitambaa chake mkononi anakipangusa, usogee umsaidie upande wa pili. Usiseme piano, usiseme fundi. Muulize, “Mama, baba alikuwa akisema kinanda cha watu. Watu gani? Walimwambia nini siku ile wanaondoka?” Halafu usiongeze kitu, hata akichelewa kujibu.

Ukipata jibu lake, niandikie.